Ubadilishaji wa chipu za zamani

Ubadilishaji wa chipu za zamani ni kazi ya ufundi wa elektroniki ambapo chipu iliyoharibika ndani ya kifaa cha miaka mingi huondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na nyingine, hasa pale ambapo chipu ya awali haitengenezwi tena kiwandani. Kazi hii hufanyika kwenye redio, redio kaseti, amplifaya, televisheni, kompyuta za mwanzo, mashine za utepe na vifaa vya vituo vya utangazaji.

Chipu mbadala si lazima iwe na jina lilelile, na jina lilelile halitoshi kuthibitisha kwamba chipu inafaa. Kinachoamua ni kama chipu mpya inapatana na saketi yote: volti, mkondo, mpangilio wa miguu, joto na chanzo cha umeme cha kifaa.

Usuli

Chipu, au saketi unganifu, ni kipande kidogo cha silikoni chenye transista, rezista na diodi nyingi zilizotengenezwa pamoja. Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha saketi ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1958, na Robert Noyce wa Fairchild alifuata mwaka 1959 kwa njia iliyofaa zaidi kutumika viwandani.

Redio nyingi zilizotumika Afrika Mashariki katika miaka ya 1960 hazikuwa na chipu bali transista moja moja. Kuanzia miaka ya 1970 chipu zilichukua nafasi ya sehemu nyingi za redio, kwanza upande wa kukuza sauti, kisha upande wa kupokea mawimbi. Hatimaye redio nzima ya AM na FM iliweza kutumia chipu moja kubwa na nyingine ndogo ya spika. Hii ilishusha bei ya redio. Lakini chipu hiyo ikiungua, fundi hawezi kufungua sehemu iliyokufa ndani yake na kuibadilisha peke yake. Lazima aitoe chipu nzima.

Kwa nini chipu hukoma kutengenezwa

Kiwanda huacha kutengeneza chipu wanunuzi wakubwa wanapopungua, mitambo ya zamani inapofungwa, au kampuni inapouzwa. Chipu ya kompyuta ya Z80, iliyotolewa na Zilog mwaka 1976, iliendelea kutengenezwa kwa karibu nusu karne hadi kampuni ilipotangaza mwaka 2024 kwamba inapokea oda za mwisho za umbo lake la kawaida. Moduli za amplifaya za STK, zinazojulikana sana kwa mafundi wa redio kubwa za nyumbani, zilikuwa za Sanyo. Kitengo cha chipu cha kampuni hiyo kilinunuliwa na ON Semiconductor ya Marekani mwaka 2011, na aina nyingi za STK hazitengenezwi tena.

Si kila chipu ya zamani imetoweka. Chipu ya saa aina ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind na kutolewa na Signetics mwaka 1972, na amplifaya ndogo ya 741 ya mwaka 1968 bado zinatengenezwa na kampuni mbalimbali.

Kusoma jina la chipu

Herufi za mwanzo za jina mara nyingi huonyesha kampuni iliyobuni chipu:

- LA: Sanyo
- TA: Toshiba
- AN: Matsushita, mtengenezaji wa National na Panasonic
- BA: Rohm
- HA: Hitachi
- CXA: Sony
- KA: Samsung
- TBA, TDA na TEA: mfumo wa majina wa Ulaya, uliotumiwa na kampuni kama Philips, SGS na Siemens

Chipu moja inaweza kuuzwa kwa majina tofauti. Kwa mfano, KA2201 ya Samsung inalingana na TBA820M ya Ulaya, na KA2209 inalingana na TDA2822M. Herufi ya mwisho nayo ina maana. Inaweza kuonyesha umbo la chipu, mpangilio wa miguu au kiwango cha volti, kwa hiyo haifai kupuuzwa.

Masharti ya chipu mbadala

Kabla ya kununua, fundi hulinganisha karatasi za maelezo za watengenezaji wa chipu zote mbili. Mambo makuu ni haya:

Volti. Kila chipu ina volti ya chini inayoiwezesha kufanya kazi na volti ya juu isiyopaswa kuvukwa. Kompyuta ya Commodore 64, iliyotolewa mwaka 1982, ilitumia chipu ya sauti ya 6581 yenye kuhitaji volti 12. Toleo la baadaye, 8580, lina miguu ileile lakini huhitaji volti 9. Kuichomeka 8580 katika bodi ya 6581 bila marekebisho kunaweza kuiua.

Mkondo. Chipu hutumia umeme hata kifaa kinapokuwa kimya. Kiasi hiki ni muhimu sana kwa kifaa cha betri.

Miguu. Chipu mbili zenye miguu 8 zinaweza kuonekana sawa kwa macho huku kazi za miguu yao zikitofautiana.

Lugha ya ishara. Katika saketi za tarakimu, chipu za familia ya 74LS huhesabu volti 2 na zaidi kuwa ishara ya juu. Chipu za 74HC zikipewa volti 5 huhitaji takriban volti 3.5. Kwa sababu hiyo 74HCT, iliyotengenezwa kufuata viwango vya zamani, ni mbadala salama zaidi wa 74LS kuliko 74HC.

Joto. Chipu yenye nguvu huhitaji kipande cha bati au alumini cha kupoza. Mbadala unaotoa joto zaidi ndani ya kasha dogo haudumu.

Mfano: redio ya betri vijijini Ngara

Ntobeye ni kata ya Wilaya ya Ngara katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilipata umeme kutoka majenereta ya dizeli, na vijiji vingi vya wilaya hizo havikuwa na umeme kabisa. Redio ya betri ndiyo iliyoleta habari nyumbani. Redio Tanzania Dar es Salaam ilisikika kwa mawimbi ya kati na mafupi. Mwaka 1995 shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara, kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi pamoja na wenyeji. Mazingira ya namna hii yanaonyesha kwa nini kuchagua chipu si suala la sauti kubwa tu.

Chukua redio inayotumia betri kubwa 6, yaani volti 9, ambayo chipu yake ya spika ni TBA820M. Chipu hii hufanya kazi kuanzia volti 3 na hutumia takriban miliampea 4 ikiwa kimya. Ikiungua, fundi anaweza kufikiria mbadala kadhaa:

- KA2201 au nakala nyingine ya TBA820M: huingia moja kwa moja bila kubadilisha kitu.
- LM386: huhitaji angalau volti 4 na hutumia takriban miliampea 4. Mguu wa 3 (ishara kuingia), wa 4 (hasi), wa 5 (spika) na wa 6 (chanya) hufanana na ile ya TBA820M. Hata hivyo mguu wa 1, wa 2, wa 7 na wa 8 una kazi tofauti, hivyo kapasita na rezista zinazoungana nayo lazima zipangwe upya.
- TDA2822M: hufanya kazi hadi volti 1.8 na hutumia takriban miliampea 6, lakini chanya yake iko mguu wa 2. Haiwezi kuwekwa katika matundu yaleyale bila kuvuta nyaya.
- TDA2003: ni chipu ya redio za magari. Ina nguvu zaidi na hupatikana kwa urahisi, lakini huhitaji angalau volti 8 na hutumia takriban miliampea 44 ikiwa kimya.

Kwenye meza ya fundi, TDA2003 inaweza kusikika vizuri kuliko zote, kwa kuwa hapo hujaribiwa kwa betri mpya au kwa umeme wa kutosha. Nyumbani mambo hubadilika. Betri 6 zinaposhuka kutoka volti 1.5 hadi takriban 1.3 kila moja, jumla huwa chini ya volti 8, na TDA2003 huanza kushindwa ilhali nguvu nyingi ya betri haijatumika. Redio yenye TBA820M ingeendelea kuzungumza kwa betri hizohizo. Tofauti ya mkondo nayo ni kubwa: betri yenye uwezo wa saa-miliampea 4,000 ingeweza kulisha miliampea 4 kwa saa 1,000, lakini miliampea 44 kwa saa 90 hivi tu, bila kuhesabu umeme wa sauti yenyewe. Ukarabati wa namna hiyo unaonekana umefaulu, lakini mwenye redio hulipia betri mara kwa mara hadi redio ibaki kabatini.

Mfano mwingine ni ZN414, chipu ya redio ya AM yenye miguu mitatu tu, iliyotolewa na Ferranti ya Uingereza mwaka 1972. Ilipokoma, nafasi yake ilichukuliwa na MK484, kisha TA7642. Zote hutumia volti ndogo ya betri moja, lakini umbo na mpangilio wa miguu unaweza kutofautiana, hivyo karatasi ya maelezo husomwa kwanza.

Transista za zamani

Tatizo kama hilo hutokea kwa redio zisizo na chipu. Transista za jerimani kama OC71 na AC128 huanza kupitisha mkondo kwenye takriban volti 0.2, lakini za silikoni huhitaji takriban volti 0.6. Transista ya silikoni ikiwekwa bila kubadilisha rezista zinazoiongoza, sauti hukwaruza au hupotea.

Chipu zenye programu

Baadhi ya chipu hubeba maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Kununua chipu tupu ya aina hiyohiyo hakusaidii, kwa sababu haina maagizo hayo. Chipu za EPROM zina dirisha dogo la kioo, na maandishi yake hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Karatasi iliyobandikwa juu ya dirisha haipaswi kuondolewa ovyo. Njia ya kuokoa kifaa ni kunakili yaliyomo wakati chipu bado nzima, kisha kuandika nakala katika chipu mpya. Hapa pia volti hutofautiana: EPROM ya 2708 huhitaji volti tatu tofauti (+5, -5 na +12), lakini 2716 ya Intel huhitaji +5 pekee inaposomwa.

Chipu bandia

Chipu iliyokoma hupanda bei, na hapo bandia huingia sokoni. Baadhi ni chipu dhaifu zilizofutwa jina na kuandikwa upya. Nyingine zimetolewa kwenye bodi za taka na kung'arishwa. Dalili zake ni maandishi yanayofutika kwa asetoni, uso wenye mikwaruzo ya msasa, miguu yenye risasi ya zamani, au chipu za kundi moja zenye maumbo tofauti.

Soko kubwa la spea nchini Tanzania liko Kariakoo, Dar es Salaam, na nchini Kenya duka nyingi za elektroniki ziko Luthuli Avenue, Nairobi. Kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, hivyo fundi wa mbali hawezi kurudisha chipu mbovu kwa urahisi. Chipu iliyotolewa kwenye kifaa kibovu ambacho historia yake inajulikana inaweza kuaminika kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka.

Hatua za kazi

1. Kuhakikisha chipu ndiyo mbovu. Mara nyingi kosa huwa kwenye vyuma vya betri vyenye kutu, waya uliokatika, swichi chafu au kapasita zilizokauka.
2. Kupima volti za miguu kwa mita na kuziandika.
3. Kutafuta chanzo cha kuungua, kama vile waya za spika zilizogusana au adapta yenye volti nyingi. Chanzo kikibaki, chipu mpya nayo itaungua.
4. Kupiga picha au kuchora bodi, hasa alama ya mguu wa 1.
5. Kukata miguu ya chipu iliyokufa na kuutoa mmoja mmoja, ili njia za shaba zisibanduke kwa joto. Risasi ya zamani ya 63/37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za selsiasi.
6. Kuweka soketi ikiwezekana, ili chipu ijayo ibadilishwe bila moto.
7. Kujaribu kwa mkondo mdogo kwanza, kisha kupima mkondo wa kifaa kikiwa kimya na kikiwa na sauti. Kifaa cha betri hujaribiwa pia kwa betri zilizochoka.
8. Kuandika ndani ya kasha aina ya chipu iliyowekwa na mabadiliko yaliyofanywa, kwa faida ya fundi atakayefuata.

Moshi wa kuchomelea haufai kuvutwa, na mikono huoshwa baada ya kazi kwa sababu risasi ni sumu.

Umuhimu

Ubadilishaji wa chipu hurefusha maisha ya vifaa na kupunguza taka za elektroniki. Una umuhimu pia kwa kumbukumbu za sauti. Hotuba, ngoma na muziki wa dansi uliorekodiwa na vituo vya redio vya Afrika Mashariki katika tepu hauwezi kusikika wala kunakiliwa bila mashine ya utepe inayofanya kazi. Nchini Tanzania, ufundi wa elektroniki hufundishwa katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na pia huenezwa na mafundi wa mitaani kwa wanagenzi wao.

Tazama pia

- Saketi
- Transista
- Redio
- Taka za elektroniki
- Wilaya ya Ngara