Kaniki kabatini, kanga mwilini

Kabla ya kanga kulikuwa na leso za mraba, zilizouzwa kwa kukatwa kwenye jora. Wanawake wa mjini wakanunua sita kwa mpigo, wakakata kipande cha tatu tatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu. Leso ya kushona hiyo! (Fundi wenu nafurahi.)

Watumwa walivaa kaniki au merikani. Utumwa ulipofutwa Unguja 1897, masuria wakingojeshwa hadi 1909, walioachwa huru wakazikimbilia kanga. Toleo jipya likishuka dukani, la jana halitamaniki. Najua mtasema israfu. Lakini mtu aliyechaguliwa nguo na bwana wake maisha yote, leo anasimama dukani na pesa yake, anamwambia muuzaji: hiyo siitaki, nishushie ile nyekundu.