Homa ya Bonde la Ufa: Onyo lilipita baharini, likakwama njiani Tana

Septemba 2006, kabla mvua za vuli hazijaanza kunyesha Garsen nchini Kenya, kompyuta za kituo cha Goddard cha NASA, Maryland nchini Marekani, zilionyesha kuwa maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa yakipata joto kupita kawaida. Timu iliyoongozwa na mwanasayansi Mkenya, Assaf Anyamba, ikatoa onyo: mvua kubwa ikinyesha Pembe ya Afrika, Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza pia watu, ingeweza kufuata. Desemba ikafika, na watu wakaanza kufa Garissa. Muda si mrefu ugonjwa ulikuwa Tana River na Kilifi.

Uhusiano huo kati ya bahari na ng'ombe haukujulikana kwa siku moja. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham walieleza kirusi cha homa hiyo, kilichokuwa kikiua wana-kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Fumbo likabaki: kati ya mlipuko na mlipuko, kirusi hujificha wapi? Jibu lilipatikana miaka ya 1980, Kenneth Linthicum na wenzake walipochunguza mabonde yanayojaa maji wakati wa mvua hapa Kenya. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai yenye kirusi kwenye udongo, na mayai hayo hustahimili ukame kwa miaka yakisubiri mafuriko. Mwaka 1987 wakaonyesha kuwa setilaiti inayopima ukijani wa majani inaweza kubaini mahali mazingira hayo yalipoiva.

Lakini mtu kugundua jambo ni kitu kimoja, na mwenzake kuzipata habari zake mapema ni kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa Nairobi waliotaka kuwasiliana na wenzao ng'ambo kwa kompyuta walitumia mtandao wa HealthNet. Setilaiti ndogo ilipita juu mara chache kwa siku, ikabeba ujumbe na kuushusha mbele ya safari. Ilikuwa ni posta ya angani, na kwa wakati wake ilikuwa jambo kubwa.

Mvua za El Niño za 1997 ziliukuta utabiri wa setilaiti ungali mchanga. Barabara zilikatika, na mwezi wa Desemba Wizara ya Afya ikapokea habari za vifo 478 visivyoelezeka kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Sampuli za damu zilipelekwa Afrika Kusini na Atlanta ndipo ugonjwa ukatambuliwa. Baadaye ilikadiriwa kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Mwaka 1999 Linthicum, Anyamba na wenzao wakachapisha hesabu zao: kwa kuunganisha joto la bahari mbili, Hindi na Pasifiki, na ukijani wa ardhi, mlipuko ungeweza kutabiriwa hadi miezi 5 kabla. Mwaka huohuo ukaanzishwa KENET, mtandao wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Kenya.

Kwa hiyo 2006 mambo yalikuwa tofauti, ijapokuwa kebo za chini ya bahari zilikuwa bado hazijatua Mombasa. Hizo zilikuja 2009. Ramani za hatari zilitoka Marekani zikafika Nairobi, na Novemba FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, nalo likatoa tahadhari. Safari hii maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilithibitisha ugonjwa hapa nchini. Hata hivyo, kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walikufa. Chanjo ya dharura ya mifugo ilipowasili, maji yalikuwa yameshazidi unga.

Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walipokwenda baadaye kuwauliza wafugaji wa Kisomali, walikuta jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili vichwa vya habari kuliko setilaiti yenyewe. Wafugaji walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida, mawingu ya mbu, na wanyama wanaotokwa damu puani, kabla tahadhari za kimataifa hazijatangazwa. Wakakumbuka pia kuwa waliyaona hayo 1997. Waliokuwa na kompyuta walizungumza na wenye kompyuta. Mwenye ng'ombe hakuwa na pa kupitishia neno. Watafiti walilaumu pia mtindo wa wakubwa kusubiri uhakika kamili kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Kuanzia 2012, mradi uliounganisha ILRI, KEMRI, Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Uingereza ulirudi katika eneo la Tana, safari hii ukilinganisha malisho ya wafugaji na mashamba ya umwagiliaji ya Bura na Hola. Damu ya watu na ya mifugo ilipimwa kwa pamoja, jambo ambalo wizara mbili, ya afya na ya mifugo, kila moja na faili zake, zilikuwa zikilifanya kwa nadra.

Siku hizi daktari wa mifugo wa kaunti anaweza kutuma kwa simu taarifa ya ng'ombe waliotupa mimba, ikaonekana Nairobi siku hiyohiyo. Mfugaji aliyemwona mbu wa kwanza bado hana budi kumtafuta afisa huyo kwanza, na mafuriko yakija njia ya kumfikia huwa chini ya maji.