Nani huandika orodha kabla ya kura?

Ndugu msomaji, mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipotangaza kwamba jimbo la Dodoma Mjini linagawanywa na linazaliwa jimbo jipya la Mtumba, nilikuwa nyumbani Mkonze, kivulini, pamoja na vijana waliokuwa wakibishana juu ya mipaka. Hoja yao ilikuwa na msingi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na watu wote hao walikuwa na mbunge mmoja tu wa jimbo. Kila kijana alikuwa na ramani yake, na kila ramani ilichorwa mavumbini kwa kijiti.

Pembeni yetu alikuwapo mzee mmoja akisokota kamba. Alisikiliza mpaka vijana wakachoka, kisha akanigeukia. "Mwanangu mtangazaji," aliniambia, "mipaka nimeielewa. Sasa hayo majina tutakayoletewa, yanaandikwa na nani?"

Niliyoyasema redioni juma hili, na ambayo leo unayasoma hapa, ni jaribio la kumjibu mzee yule. Kwa maana ukiitazama historia ya uchaguzi nchini mwetu, utakuta kwamba jambo kubwa mara nyingi halikuwa siku ya kupiga kura. Lilikuwa ni zile siku za kabla yake, pale mtu fulani alipokaa mezani akaamua ni majina gani mwananchi ataonyeshwa.

Tuanzie mbali kidogo. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa karibu miaka 20 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 ndipo walipoingia wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Nao hawakuchaguliwa na mtu. Waliteuliwa na Gavana. Wakati huo orodha ilikuwa ya mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa mwandishi, msahihishaji na mpiga kura.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza hilo ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Ndio ule wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Kujiandikisha kwenyewe kulikuwa na masharti ya kipato, elimu au wadhifa, kwa hiyo mkulima wa kawaida wa uwele na mtama huku Ugogo alibaki mtazamaji. Wengi ndani ya TANU walitaka uchaguzi ule ususiwe. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na Zuberi Mtemvu akajitenga akaanzisha chama chake cha African National Congress. TANU iliingia ikaibuka na ushindi mkubwa. Hata hivyo, orodha ilikuwa imeshakatwa kwa rangi ya ngozi kabla ya mtu yeyote kushika karatasi.

Agosti 1960 ukaja uchaguzi uliotuvusha kuelekea uhuru. Viti vilikuwa 71. Katika viti 58 mgombea wa TANU hakupata mpinzani, na hivyo wananchi wa sehemu hizo hawakupiga kura. TANU ilitwaa viti 70. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, na kisa chake kina mafunzo. Chama kilikuwa kimempitisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU, hakukubali kukaa pembeni. Alisimama kama mgombea binafsi na akashinda. Wananchi wa Mbulu hawakuikataa TANU wala uhuru. Walichokataa ni kuchaguliwa jina.

Mwalimu mwenyewe aliliona tatizo hilo. Mwaka 1963 aliandika kwamba pale ambapo chama kimoja kinakubalika na karibu wananchi wote, mgombea wa chama hupita tu, na mwananchi anakosa nafasi ya kuchagua. Januari 1964 akaunda Tume iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ili itafute njia ya kuwa na chama kimoja na uchaguzi kwa pamoja. Matokeo yake yakawa utaratibu ambao watu wa umri wangu tuliukuta ukielekea ukingoni: Jembe na Nyumba.

Ulikuwa hivi. Wanaotaka ubunge waliomba. Mkutano wa chama wa wilaya ukawapigia kura. Majina yakapelekwa kwenye Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikarudisha mawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma ajue anampa nani. Walizunguka pamoja, wakahutubia jukwaa moja, kwa Kiswahili, na ilikuwa marufuku kutumia kabila, dini au rangi kujinadi. Utaratibu huo ulianza mwaka 1965 na ukatumika mpaka mwaka 1990.

Mwaka huo wa 1990 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na babu yangu alinichukua kwenda naye kituoni. Nakumbuka foleni, vumbi, na kina mama waliovaa khanga zao nzuri. Babu alikuwa na kawaida ya kutusimulia kampeni za zamani. Wa jembe, alisema, alikuwa akiwauliza watu, nyumba inaliwa? Na wa nyumba akajibu, baada ya kulima utalala wapi? Watu walicheka, lakini kucheka huko kulikuwa na uzito, kwa sababu mmoja wa wale wawili lazima angerudi nyumbani kwake ameshindwa.

Na walishindwa kweli, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 1965 mawaziri wawili walianguka. Mmoja wao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyeangushwa huko Mwanza. Fikiria, ndugu msomaji, waziri wa fedha wa nchi ya chama kimoja anatolewa na wakulima kwa alama ya vema kwenye karatasi. Ni wachache Afrika wakati ule walioweza kusema hivyo.

Lakini tusiupake utaratibu ule rangi ambayo hukuwa nayo. Majina mawili yalitoka juu. Bomani aliyekataliwa na wapiga kura alirudi kwenye Baraza la Mawaziri kwa uamuzi wa Rais. Mwaka 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza wanachama kadhaa, wabunge wakiwamo, Joseph Kasella-Bantu akiwa mmoja wao, na waliofukuzwa chama wakapoteza na viti. Wananchi waliowachagua hawakuulizwa. Na kwa kiti cha Rais jina lilikuwa moja, la kujibu ndiyo au hapana. Mwaka 1965 waliosema ndiyo walizidi asilimia 96.

Babu alilisema hilo kwa maneno yake. Jembe na nyumba vyote viwili, alisema, vilitoka ghala moja, na ufunguo wa ghala hakuwa nao yeye. Ila hakuacha kwenda kupiga kura hata mara moja.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na wengi tulidhani ghala limefunguliwa. Hapa ndipo Dodoma yetu inapoingia katika historia kwa namna ambayo wakazi wake wengi hawaikumbuki. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu hapahapa Dodoma. Pamoja na mambo mengine, alidai kwamba raia asilazimishwe kuwa mwanachama wa chama ndipo agombee. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana naye. Lakini mwaka huohuo Bunge lilirekebisha Katiba na kuufunga mlango ambao mahakama ilikuwa imeufungua.

Mtikila hakuchoka. Alirudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge, si la mahakama. Akaenda Arusha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Juni 2013 iliamua kwamba Tanzania imevunja haki yake. Mtikila alifariki dunia kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na mpaka alipozikwa hakuna mgombea binafsi aliyekuwa ameruhusiwa. Hata uchaguzi wa mwaka 2025 haukuwa naye. Kwa maneno mengine, alichofanya Sarwatt wa Mbulu mwaka 1960, chini ya mkoloni, Mtanzania huru hakuweza kukifanya miaka 65 baadaye.

Kwa hiyo ufunguo ulihamia kwenye vyama. Tangu mwaka 1995 jimbo la Dodoma Mjini limekuwa likichukuliwa na CCM, kwa hiyo mwenye kura za maoni ndani ya chama hicho ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuchagua mbunge, na hata kura hizo si za mwisho, kwani vikao vya juu vinaweza kupitisha jina jingine. Hali kadhalika, mbunge akifukuzwa chama, kiti kinaondoka naye, kama ilivyokuwa mwaka 1968.

Kisha likarudi lile la mwaka 1960. Katika uchaguzi wa mwaka 2020 wagombea kadhaa wa ubunge wa CCM walipita bila kupingwa, akiwamo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kule Ruangwa, baada ya wapinzani kuenguliwa au kutorudisha fomu. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 iliweka kwamba mgombea akibaki peke yake, apigiwe kura. Ni hatua, lakini tukubali kwamba ndiyo na hapana si sawa na jembe na nyumba. Katika ndiyo na hapana, mwananchi anaweza kumkataa mtu. Hana wa kumpa.

Oktoba 29, 2025 tulipiga kura bila Chadema, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo akiwa ameondolewa. Aliyetangazwa mshindi wa urais alipewa zaidi ya asilimia 97. Siku ile na zilizofuata kulizuka machafuko, watu wakapoteza maisha. Sitaki kuyarahisisha mambo mazito kwa sentensi moja ya redioni. Ninachosema ni kwamba hasira ya mtu aliyeshindwa kwenye foleni ya kura hupoa, maana atasubiri miaka mitano ajaribu tena. Hasira ya mtu aliyeona foleni haina maana haina pa kupoea.

Nimeulizwa na wasikilizaji, je, nataka turudi kwenye chama kimoja? La hasha. Ninachokitaka kutoka siku zile ni kitu kimoja tu, nacho ni ile hofu ya mgombea. Jembe alimwogopa nyumba, na nyumba alimwogopa jembe, na kwa sababu hiyo wote wawili walikuja vijijini wakasikiliza. Hofu hiyo haiji kwa kuongeza majimbo wala kwa kusogeza mipaka. Inakuja pale orodha inapokuwa na majina ya kweli, na mwananchi anapokuwa na mkono katika kuiandika.

Nilipomjibu hivi yule mzee wa Mkonze, aliendelea kusokota kamba yake kwa muda. Kisha akasema, "Basi mwambie huyo anayeandika, nafasi moja atuachie wazi, tuijaze wenyewe."

Nami nimeifikisha salamu yake. Tukutane juma lijalo.