Kauli ya Marehemu Mahakamani

Kwa desturi mahakama haipokei maneno ya kusikia. Asemaye, "Niliambiwa na fulani," hutakiwa amwache fulani aje mwenyewe, ale kiapo na kuhojiwa na pande zote mbili. Lakini fulani akiwa amekwisha kufa, nani atamwita? Sheria ya Ushahidi ya Uhindi ya mwaka 1872, iliyotumika Kenya zama za ukoloni, iliacha mlango mmoja wazi: maneno ya marehemu juu ya sababu ya kufa kwake yaliweza kupokewa.

Mlango huo waweza kupitisha haki, na waweza kupitisha dhuluma. Tazama kesi iliyosikizwa Nakuru, katika Bonde la Ufa, mwezi wa Agosti 1923. Kijana aliyeitwa Kitosh alikuwa mtumishi wa mlowezi wa Molo, Jasper Abraham. Alitumwa kumrudisha farasi jike, akaamriwa amwongoze tu; yeye akampanda. Kwa kosa hilo alichapwa, akafungwa kamba ghalani, na usiku ule ule akafa.

Mahakamani ilielezwa kwamba kabla ya kukata roho Kitosh alisema anataka kufa. Daktari wa wilaya, aliyeipasua maiti, alishuhudia kwamba kilichomwua ni majeraha. Lakini madaktari wawili walioletwa na upande wa mshtakiwa walidai kwamba kipigo peke yake kisingetosha kumwua. Nia yake ya kufa ndiyo iliyomaliza kazi. Juri, yaani raia walioapishwa kutoa uamuzi, walikuwa Wazungu watupu. Hawakumwona Abraham na hatia ya kuua, bali ya kujeruhi vibaya, naye akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Hivyo maneno ya aliyepigwa yakawa ngao ya aliyempiga. Hapakuwa na awezaye kumwuliza Kitosh kama kweli alichagua kufa, au kama alilia tu kwa maumivu yasiyovumilika. Wahenga walisema maiti haulizwi sanda. Huyu hakuulizwa hata maana ya maneno yake.

Kenya ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1963 haikuufunga mlango ule. Kanuni hiyo imo katika kifungu cha 33 cha Sheria yake ya Ushahidi. Wala si vibaya, kwani pasipo kanuni hiyo, muuaji asiyeonekana na mtu ila yule aliyemwua angekuwa salama mno. Hata hivyo, mwaka 1954 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilionya kwamba kwa kawaida si salama kumtia mtu hatiani kwa kauli ya marehemu isiyoungwa mkono na ushahidi mwingine, kwa kuwa msemaji hakuhojiwa.

Onyo hilo humlinda mshtakiwa, na ni haki yake. Kesi ya Nakuru yatufunza kwamba marehemu naye ahitaji kulindwa: maneno yake yapimwe pamoja na majeraha yaliyoonekana mwilini mwake.