Mafunzo ya Wasichana, kutoka Karagwe hata Budo

Katika mwezi wa Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia nchi ya Karagwe, wakapokewa kwa ukarimu mwingi na mfalme Rumanyika, ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Speke asimulia katika kitabu cha safari yake kwamba alimtembelea shemeji mmoja wa mfalme, mwanamke aliyenenepa hata hawezi kusimama. Na karibu yake aliketi binti yake wa miaka 16, akinywa maziwa, na baba amemsimamia na fimbo mkononi ili asiache kunywa. Unene katika nyumba zile ulikuwa uzuri, tena ulikuwa heshima ya mume. Speke hakuona haya kumpima mama huyo mwili wake, jambo ambalo mgeni mwenye adabu asingalifanya. Wala hatukuachiwa hata neno moja la yule binti.

Nayataja hayo kwa sababu binti yule alikuwa mwanafunzi. Alikuwa na mwalimu, na somo, na saa za kazi, na adhabu pia. Na somo lake lilichaguliwa kwa kutazama mahali atakapowekwa ukubwani. Katika kitabu hicho hicho Speke aeleza kwamba alimpa Rumanyika shauri la kupeleka watoto wake Uingereza wakasomeshwe. Shauri hilo halikutimia.

Elimu ya Kianglikana ilipofika katika pande hizi haikupita Karagwe. Wamisheni wa kwanza wa C.M.S. walifika kwa Mutesa mwaka 1877 kwa njia ya ziwa, na Buganda ikawa ndiyo kitovu cha kazi yao. Kisha, kwa mkataba wa Julai 1890, Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, Karagwe na Bukoba zikawa upande wa Wajerumani. Mapadre Weupe walikaa Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wa Betheli wakaja mwaka 1910, wakawakuta watu waliokwisha kusoma vitabu vya Kiganda vilivyoletwa na Waganda. Waanglikana walipata nafasi zaidi upande wa kusini, hasa baada ya Dayosisi ya Tanganyika ya Kati kuanzishwa mwaka 1927 na Waaustralia kuja kusaidia. Huko Katoke wakafundisha walimu. Kwa hiyo, mzazi wa Karagwe, au wa sehemu ile ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa, kama angalitaka katika miaka ya 1930 shule kubwa ya Kianglikana ambayo wavulana na wasichana husoma pamoja, ingalimpasa kuvuka Mto Kagera na kushika njia ya Buganda. Sisemi kwamba wengi walifanya hivyo. Nasema kwamba jambo tunalolichunguza lilitendeka huko, na huko ndiko tutakakolifuata.

Shule hiyo ni King's College, Budo, juu ya kilima ambapo Makabaka hutawazwa. Ilifunguliwa mwaka 1906 chini ya H. W. Weatherhead, nayo ilikuwa na wavulana 21. Mwaka uliotangulia C.M.S. walikuwa wamefungua shule ya bweni ya wasichana huko Gayaza. Milima ni miwili, na mipango ya masomo miwili. Mvulana wa Budo alifundishwa Kiingereza, hesabu, historia, jiografia na Maandiko, maana alitazamiwa kuwa chifu au karani au mwalimu. Msichana wa Gayaza alisoma na kuandika, lakini jembe, ususi wa mikeka na kazi za nyumba vilikuwa na sehemu kubwa katika siku yake, maana alitazamiwa kuwa mke wa yule wa Budo. Mtu asiidharau kazi ya jembe. Buganda ililishwa na wanawake kwa jembe hilo. Neno ni kwamba fimbo ya Karagwe ilikuwa imeondoka, lakini hesabu yake ilibaki: tazama kwanza mume, ndipo uchague somo.

Mwaka 1933, katika uongozi wa Kanoni H. M. Grace, Budo ilikubali wasichana. Tusiwapambe waliofanya hivyo kwa mawazo ya siku zetu. Sababu kubwa iliyosemwa ilikuwa ile ile ya zamani, yaani kijana aliyeelimika anahitaji mke aliyeelimika, asije akarudi jioni katika nyumba asiyoweza kuzungumza na mtu. Tena ulikuwa wakati ambapo fikira za Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924 pamoja na Dakta Aggrey, zilikuwa na nguvu sana: Mwafrika afundishwe mambo ya kijiji chake, kilimo, afya na nyumba. Fikira hizo hazikuwa za kipumbavu, lakini wazazi wengi walizishuku, nami nadhani walikuwa na haki. Waliona kwamba cheo na mshahara vilifuata cheti cha Cambridge, wala havikufuata bustani ya mboga.

Na hapo ndipo Budo ilipofanya jambo ambalo pengine haikulikusudia. Msichana akiisha kuketi katika darasa moja na mvulana, akasikia mwalimu yule yule, akaandika mtihani ule ule, ni vigumu kumwambia baadaye kwamba alikuwa akisomea kitu kingine. Benchi la pamoja peke yake halileti usawa. Nimeona madarasa ya mchanganyiko ambamo wasichana waliketi nyuma, wakafagia. Kilichobadili mambo ni karatasi ya mtihani, kwa maana msahihishaji aliye ng'ambo ya bahari hajui kama namba aliyopewa ni ya mwanamume au ya mwanamke.

Mfano ulio wazi ni Sarah Nyendwoha, aliyezaliwa Hoima, Bunyoro, mwaka 1926, akasoma Duhaga, kisha Budo. Mwaka 1945 alikuwa mmoja wa wanawake sita wa kwanza kuingia Makerere, chuo ambacho wito wake hata siku hizo uliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Alitaka kusoma hesabu. Mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha maadamu mwanamke yumo chumbani, basi Sarah akalazimika kuacha hesabu na kushika historia. Sisi wanafunzi wa historia tulipata faida kwa dhuluma hiyo, lakini dhuluma ni dhuluma. Alikwenda Oxford, na mwaka 1954 akapata digrii, akiwa mwanamke wa kwanza Mwafrika wa Afrika ya Mashariki kufikia daraja hilo. Aliporudi kufundisha Gayaza alikuta kwamba mwalimu mwanamke hulipwa pungufu kuliko mwanamume mwenye elimu kama yake. Akaukataa mshahara, akafundisha bure, mpaka serikali ikasalimu amri. Baadaye aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji wa Kilimanjaro aliyekuwa Balozi wa Tanganyika huko London, na kwa jina la Sarah Ntiro ndivyo alivyojulikana mpaka alipofariki mwaka 2018.

Karagwe nayo haikubaki nyuma ya mto. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni Tanzania mikononi mwa serikali. Tangu miaka ya 1980 makanisa na wazazi wakafungua tena shule za sekondari za binafsi, na Mkoa wa Kagera ukawa katika mstari wa mbele. Waanglikana wa mkoa huo wana Dayosisi yao ya Kagera yenye makao Murgwanza, Ngara. Lakini huko Bweranyange ni Walutheri walioweka shule ya sekondari, nayo ni ya wasichana watupu, si ya mchanganyiko. Mtihani wao wa kidato cha nne hutoka kwa Baraza la Mitihani la Taifa, karatasi ile ile wanayopewa wavulana wa nchi nzima, na hisabati ni somo la lazima.