Mafundisho ya Kipaimara (KKKT)

Mafundisho ya kipaimara ni malezi ya imani ambayo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) huwapa vijana waliobatizwa wakiwa wachanga, ili waungame kwa vinywa vyao imani ambayo wazazi na wadhamini waliikiri kwa niaba yao. Kwa kawaida huchukua miaka miwili, mara nyingi siku za Jumamosi, chini ya mchungaji au mwinjilisti.

Kitabu kikuu ni Katekisimu Ndogo, ambayo Martin Luther aliiandika mwaka 1529 baada ya kukagua sharika za Saxony na kukuta watu, hata baadhi ya wachungaji, hawajui misingi ya imani. Kijana husoma mojawapo ya Amri Kumi, kisha huulizwa maana yake. Katika amri ya tano, jibu haliishii kwenye kutoua: linamtaka amsaidie jirani yake katika kila shida ya mwili. Hapa ndipo somo linapokuwa zito, maana kumfuata Yesu kunamgusa hadi mwanafunzi mwenzake anayeonewa shuleni. Kukariri peke yake hakumfikishi huko.

Kwa Walutheri, kipaimara si sakramenti. Utaratibu wake una mizizi huko Hesse, Ujerumani, ambako Martin Bucer aliuandaa mwishoni mwa 1538.

Siku ya kipaimara yenyewe vijana huungama mbele ya usharika, hupiga magoti, huwekewa mikono na kuombewa, kisha hushiriki Meza ya Bwana. Suti, magauni meupe na pilau ya nyumbani huvuta macho kupita kiasi. Baada ya hapo wengi huingia kwaya na umoja wa vijana, ambako mafundisho huendelea.