Kutoka Simula hadi MTUHA: Uakisi na Uundaji wa Vitu Wakati Programu Inapoendeshwa

Katika kata ya Makorora, Jiji la Tanga, kama ilivyo kwingineko Tanzania Bara, taarifa za wagonjwa huanzia katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza kutumika miaka ya 1990. Takwimu za mwezi hujumlishwa, kisha huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambao ulienezwa nchi nzima kufikia mwaka 2013. Insha hii inajadili jinsi programu inavyoweza kupokea fomu ambazo mwandishi wake hakupata kuziona. Hoja yake ni kwamba jibu lina sehemu mbili, uakisi na metadata, na kwamba kuzichanganya ni kupotosha historia.

Dhana ya klasi ilizaliwa Oslo, Norwei, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula 67. Klasi ni mfano wa ramani ya nyumba. Kitu ni nyumba iliyojengwa kwa ramani hiyo. Katika Simula, mwandishi hutaja klasi ndani ya msimbo wenyewe, hivyo kompaila huikagua kabla programu haijaanza kuendeshwa.

Mwaka 1982, katika tasnifu yake ya uzamivu huko MIT, Marekani, Brian Cantwell Smith alieleza uakisi kuwa ni uwezo wa programu kujichunguza na kujibadilisha. Mwaka 1987 Pattie Maes aliupeleka mjadala huo katika lugha zinazojengwa juu ya vitu. Java, iliyotolewa mwaka 1996, iliiruhusu programu kupokea jina la klasi kama maandishi, kuipakia klasi hiyo na kuunda kitu chake. Toleo la 1.1 la mwaka 1997 liliongeza uwezo wa kuchagua konstrukta na kuipa thamani inazohitaji.

Juu ya msingi huo vilijengwa viunzi vya Hibernate na Spring, vinavyotumiwa na DHIS2. Spring husoma maelekezo, ikaunda sehemu za programu na kuziunganisha. Hibernate huchukua safu ya hifadhidata, huunda kitu kitupu kwa konstrukta isiyohitaji thamani, kisha hukijaza.

Hata hivyo, wizara inapoongeza ugonjwa mpya katika fomu, hakuna klasi mpya inayozaliwa. Kinachoongezwa ni safu moja ya metadata, na klasi ile ile ya kipengele cha data hutoa kitu kingine. Uakisi huigeuza safu kuwa kitu. Metadata ndiyo inayoamua kipi kihesabiwe. Uakisi hauwezi kuita klasi ambayo haikuandikwa. Uamuzi huo wa usanifu ulitokana na mahitaji ya HISP, mradi ulioanza Afrika Kusini miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao baadaye ulikishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nchi zenye fomu tofauti zilihitaji programu moja isiyoandikwa upya kila fomu inapobadilika.

Uhuru huo una gharama. Jina la klasi likikosewa katika msimbo wa Simula, kompaila hukataa. Likikosewa katika maandishi yanayosomwa kwa uakisi, kosa hubainika programu ikiwa imekwisha kuanza. Usalama nao uliguswa: dosari ya Spring4Shell ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa data kutoka nje iliweza kufikia sifa za ndani za klasi ambazo hazikukusudiwa kuguswa.

Kwa hiyo, historia ya uakisi ni historia ya kuahirisha uamuzi: kutoka meza ya mwandishi wa msimbo hadi saa ya matumizi. Uamuzi unapoahirishwa, ukaguzi nao huahirishwa, na mzigo wa kosa unaweza kumwangukia mtunza takwimu anayefunga hesabu za mwezi, ambaye hana uwezo wa kulisahihisha.